Midomo ya Mama

Jumatatu, 2 Juni

Ukumbi wa maonyesho umenikubalia! Video yangu itachukua ukuta mzima wiki ya jubilei ya uhuru. Nitatumia ile filamu ambayo nchi nzima inaijua: mwanamke analia uwanjani siku bendera ilipopandishwa, na mtangazaji anasema anaita "Uhuru! Uhuru!" Nitaipunguza mwendo, niirudie mpaka watu waichoke. Mwanamke huyo ni mama yangu. Yupo kwenye stempu, kwenye vitabu vya shule, kwenye mabango ya kila uchaguzi. Nyumbani anagombana na rimoti.

Jumatano, 4 Juni

Nimepewa kanda ya asili. Haina sauti! Mtangazaji na vile vigelegele viliongezwa studio baadaye. Nikacheka peke yangu, nikaona kazi imenona. Halafu nikaanza kutazama midomo yake.

Ukisema "uhuru" midomo haigusani. Nimejaribu mbele ya kioo kama mwehu. Ya mama inagusana, inaachana, inagusana tena. Ba-bu. Ba-bu.

Kaka yangu alirithi jina la babu, kwa hiyo nyumbani walimwita Babu. Alifariki kabla sijazaliwa — ndivyo nilivyojua. Nimezima mashine.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwonyesha mama. Ametazama hadi mwisho. Nikasema, mama, si mlisema Babu mlimpoteza?

"Ndiyo. Tulimpoteza. Hapo hapo." Lango lilifunguliwa, watu wakasukumana, mkono wa mtoto ukamchomoka. Yeye na baba walizunguka hospitali na vituo vya polisi. Hakuonekana, si hai si maiti. Wakaambiwa wasiwaharibie watu sherehe.

Maisha yangu yote nilidhani "tulimpoteza" ni lugha ya adabu tu, ile ya matangazo ya vifo. Kumbe neno lilikuwa na maana yake ile ile. Nikamuuliza mbona hukuwahi kusema.

"Nilisema, mwanangu. Mkawa mnanipa pole."

Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia asinisikie. Nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 9 Juni

Msimamizi wa ukumbi amepiga simu. Wizara imeiona video, sasa bila sauti kama kanda ya asili. Kwa upole kabisa — dada, rudisha sauti ya mtangazaji, la sivyo tuiondoe. Na jambo jingine: wanamtaka mama uwanjani kesho, asimame pale pale, kamera zimchukue upya.

Nimekataa yote mawili. Nilipomwambia mama, aliomba namba ya msimamizi.

Jumanne, 10 Juni

Gari la wizara liko nje, linapiga honi. Mama amevaa tangu alfajiri.

Nimemwambia wanakutumia, mama. Akasema wamtumie tu, na yeye atawatumia. Ameuliza kama televisheni itamwonyesha uso kwa karibu. Kama inaonekana hadi nchi za jirani.

"Babu aliniacha nikiwa msichana," akasema. "Itabidi anione nilivyo sasa."

Nimekimbilia kuandika. Wataweka tena sauti yao juu yake, najua, na yeye anajua. Yupo mlangoni ananingoja, kashika rangi ya mdomo. Anataka nimpake mimi. Anasema niikoleze, midomo isomeke vizuri.

Honi tena.