Zabibu za Shukrani

Jumapili, usiku. Hombolo leo upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye vyombo. Na mimi situlii.

Leo mama alinitolea shukrani kanisani.

Alisimama mbele na tenga la zabibu za shamba lake, akawaambia watu mwanawe ameacha bangi, Mungu amemtumia daktari wa mjini na vidonge vyake. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimeshavuta alfajiri nyuma ya choo.

Ibada ilipoisha zabibu zikanadiwa, kama sadaka zote za mazao. Mzee wa kanisa aliyeshinda mnada akalipa, kisha akanirudishia tenga. "Kula, kijana wetu. Umetufurahisha." Nikapokea kwa mikono miwili.

Daktari hakusema vile. Vidonge alinipa kwa ajili ya huzuni, ile iliyonilaza kitandani tangu baba afariki. Kuhusu bangi alinieleza wazi kuwa havitaniachisha. Niwe nakwenda kliniki kila wiki kuzungumza na mshauri. Nilikwenda mara moja tu. Nyumbani nikamwambia mama nimepewa dawa ya kuacha bangi, kwa sababu alikuwa analia na nilitaka anyamaze.

Vidonge navimeza, hapo sidanganyi. Na kweli siku hizi naamka, naoga, namwagilia mizabibu. Ila bangi iko palepale.

Mchana nikavuta tena, nikarudi na ile njaa ya bangi. Nikaketi mlangoni na tenga, nikala shada baada ya shada. Mama alikuwa uani na jirani yetu, Mama Yohana, ambaye Yohana wake naye anavuta.

"Muone anavyokula!" mama akamwambia. "Juzijuzi hata uji ulikuwa unamshinda. Ni dawa hiyo."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha pakiti yangu ya vidonge alichokikata kwa mkasi. "Mpe kimoja kila siku, na maji mengi. Mungu ni yuleyule."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa zabibu. Ningeweza kutema nikasema. Nikameza, na Mama Yohana akaondoka na vidonge amevifunga kwenye pindo la khanga.

Nilizoea kujiambia uongo huu haumdhuru mtu mwingine.

Jua lilipokuwa linazama nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mama yote. Hakufoka. Aliuliza kitu kimoja: "Hata kanisani ulikuwa umevuta?" Nikaitikia. Akajifunga khanga vizuri, akatangulia kwenda kwa jirani.

"Mwenzangu, nirudishie vile vidonge," alisema mlangoni. "Nimekosea mimi."

Nikamwacha amalize sentensi hiyo. Sijui kwa nini. Kisha nikasema, "Hapana, mama yangu hajakosea. Nilimdanganya. Bado navuta."

Mama Yohana alikuwa ameshampa mwanawe kimoja. Akaniuliza mimi, si mama, "Sasa kitamfanya nini?" Nikamwambia tumuulize daktari kesho.

Yohana anasema yuko salama, tena anacheka. Mama yake hacheki. Mama yangu amekaa naye huko mpaka sasa.

Kesho asubuhi tunakwenda kliniki wote: akina mama wawili, wavuta bangi wawili, na pakiti iliyokatwa. Eti nitamweleza daktari. Nitaanzia wapi?

Zabibu zilizobaki nimezifunika. Siwezi kuzila.