Pauni za Marehemu Zimepunguzwa London

Mshauri wetu wa gazeti, asalaam aleikum, naomba unisikilize, maana hapa nyumbani kila mtu amechoka kunisikiliza.

Mume wangu Olow alifariki kwa homa hapa Balambala mwezi wa saba, tukingoja pasi, ile ruhusa ya askari ya kusafiri, ya kumpeleka hospitali Garissa, na mwaka jana serikali ilipotukusanya kijijini kwa sababu ya vita vya shifta, ngamia wakaanza kufa kwa kukosa malisho, aliwauza waliobaki akanunua pauni za Kiingereza, akisema ngamia hupigwa risasi lakini Malkia wa kwenye noti hapigwi, akazikunja ndani ya leso yake ya buluu pamoja na karafuu, na kila Ijumaa aliifungua, akainusa, akacheka, akaifunga tena. Nikiwa katika eda, Kulow mwenye duka akaja mlangoni akasema, "Mama Hinda, nipe hizo pauni, kila moja nakupa shilingi ishirini," nami nikamjibu, "Kulow, udongo wa kaburi haujakauka unaniletea biashara? Ngoja nimalize eda." Mwezi wa kumi na moja redio ikatangaza Uingereza imepunguza pauni, Kulow akarudi akasema sasa ni kumi na tano, na nisipotaka nikamdai Malkia mwenyewe. Shemeji yangu Kerrow, ndugu wa marehemu, ananiambia, "Dumaashi," yaani shemeji kwa Kisomali, "usiuze, itapanda tu, Waingereza hawawezi kukubali aibu hii." Mimi sielewi mtu wa London anakataje thamani ya ngamia ambao hakuwaona, na naona nikizitoa kwa bei ndogo nitakuwa nimempunguza Olow, lakini watoto wanataka maziwa na mbuzi tuliyebaki naye amekauka. Eda imekwisha. Ningoje pauni irudi, au nizitoe?

Mama Hinda, Balambala, Desemba 1967

JIBU

Mama Hinda, pole sana kwa msiba. Kwa kumkataa Kulow mara ya kwanza sikulaumu. Hata wenye benki wengi hawakujua kinachokuja. Kinachonikera ni huku kungoja kwako sasa.

Sikiliza. Uingereza imekuwa ikinunua kwa wengine zaidi kuliko inavyowauzia. Mwezi wa sita vita vya Mashariki ya Kati vikafunga mfereji wa Suez, meli zikazunguka mbali, na matajiri wa nchi nyingi wakaogopa. Kila mmoja akauza pauni zake kabla mwenzake hajauza, kama ninyi mlivyouza ngamia wote kwa wakati mmoja mkapata bei mbaya. Serikali yao ikazinunua hadi akiba ikakaribia kwisha. Mwishowe ikapunguza bei ya pauni, ikapandisha na riba ili waliokimbia warudishe fedha zao. Kenya haikufuata, kwa hiyo shilingi yetu iko palepale. Marehemu alikimbia hatari ya kwetu akaingia ya London, na hakuwa na mtu wa kumwonya.

Huyo Kerrow, mwambie serikali haipunguzi fedha yake mwezi huu ili iirudishe mwezi ujao. Kama anaamini maneno yake, azinunue yeye kwa ishirini, azifunge katika leso yake mwenyewe. Utaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana safari ya Mandera! Na Kulow asikutishe. Pauni sasa ni shilingi kumi na saba na senti kidogo. Anayekupa kumi na tano anakula mali ya yatima, na mwambie hivyo mbele ya wateja wake.

Wewe nawe, dada yangu, unangoja nini hasa? Unangoja Waingereza wairudishe pauni, au unangoja Olow arudi? Pauni ikirudi ishirini kesho, yeye bado hatakuwepo kuinusa leso. Na watoto wako hawanywi karatasi.

Wiki hii chukua pasi, mwambie Kerrow akusindikize hadi Garissa. Angalau afanye hilo. Uliza benki, si dukani, na fedha uihesabu mwenyewe. Kisha nenda kwa kadhi akugawie mirathi, maana humo mna mafungu ya watoto. Halafu nunua mbuzi wenye maziwa mara moja. Barabara zimeanza kutulia, na watu wakishapata amani kila mmoja atataka mbuzi, nawe utalia kwa bei tena.

Ukifika dirishani, mpe karani noti zake. Leso na karafuu rudi nazo nyumbani.