Dada, Hitima Yako Imesomwa

Mpendwa dada yangu Echata,

Nimerudi Nosy Be jana kutoka Mahajanga kwa mama, na kabla sijafungua darasa nimeona nikuandikie. Natumia Kiswahili alichotufundisha baba kwa ajili ya barua zake za biashara. Hapa kisiwani sina wa kukizungumza naye tangu uondoke, na wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka kwamba nikikisema nafanana na karani wa forodha. Cheka tu. Nina jambo la kukuambia.

Unamjua mama. Tangu mtumbwi wako ulipopatikana mikokoni umepinduka, kila mtu alimshauri usomewe hitima, upumzike. Akashikilia neno lake: "Sijaona mwili. Mwanangu si wa kusomewa." Mimi ndiye niliyekuwa mbele kumpinga. Nilimwambia maji ya mkondo uliokuchukua hayarudishi mtu, na kwamba ukaidi wake unakufunga wewe na kutufunga sisi. Nikishika jambo unanijua nilivyo.

Lakini hukuniona nilivyohangaika huku. Muuza ndizi wa Ambatoloaka alisema amekuona ufukweni, umejitanda shiromani yako nyekundu, unaelekea miambani. Nikamwita mwongo mbele ya watu, kisha nikaenda mbio hadi miambani, viatu mkononi. Baharia mmoja akadai amekuona Mahajanga, mtaa wa Tanambao, ukinunua mkate. Mama akanituma, na mimi nisiyeamini nikaizunguka Tanambao yote nikichungulia nyuso za wanawake, hadi mmoja akanitukana.

Na darasani je? Unakumbuka tulivyoanza, mimi na wewe na Jaotombo fundi wa mabwawa, bendera mpya haijapauka hata rangi. Mabwana wa kituo cha utafiti wa bahari walikuwa wametupa matangi yaliyopasuka. Ukayaomba, Jaotombo akayaziba kwa lami. Watu wakasema tumerukwa na akili, nani atamleta mtoto wake shuleni kushika jongoo bahari? Wewe ukasema watoto wa kisiwa hiki wanaijua bahari kwa kuila tu, na nchi iliyo huru haiwezi kungoja wageni waje kuisomea samaki wake. Sharti lako lilikuwa moja: kabla ya kugusa kiumbe chochote, lowesha mkono, maana mkono mkavu humchubua samaki ule utelezi wake. Watoto wakawa wanachovya mikono kwenye beseni kwa heshima kama wanaotia udhu.

Siku alipokuja mkaguzi wa shule, na koti lake jeupe, nilitamani ardhi inimeze. Aliona beseni ni la watoto, hakulowesha mkono. Akamkamata jongoo akamminya, na jongoo akamrushia zile nyuzi zake nyeupe zinazonata, koti zima. Wewe ukamwambia kwa Kimalagasi, na adabu zako zote, "Bwana mkubwa, umemtisha. Mrudishe majini taratibu, tutakusafisha." Jaotombo akatoka nje kwenda kucheka nyuma ya ukuta. Yule bwana hakutufungia darasa, na hadi leo sijui kwa nini.

Basi siku hizi, asubuhi nyingine, nikifungua mlango naikuta meza imelowa upande wako, pale ulipokuwa ukisimama. Jaotombo anasema bati linavuja. Kiangazi chote hiki, bati linavuja nini? Naogopa kwamba ni wewe, dada, na naogopa zaidi kwamba si wewe. Napangusa, halafu nawafungulia watoto.

Jaotombo naye hajapona ile Jumanne. Kwa watu wake ni mwiko kushuka kwenye mkondo ule siku ya Jumanne, nasi tuliuheshimu tangu mwanzo, bwawa letu la kufugia kamba likapumzika kila Jumanne. Ikaja mvua ile, maji yakaanza kula ukuta wa bwawa, na mlango wa mbao ulio upande wa mkondo ulitakiwa kufunguliwa yapungue, la sivyo kamba wote waliolelewa na watoto wangekwenda baharini. Jaotombo akasema tungoje hadi kesho yake. Ukamjibu, "Wewe ngoja, ndivyo ulivyolelewa. Mimi Mkomori, Jumanne hainijui." Ukacheka, ukauchukua mtumbwi. Sasa watu wengine wanamlaumu yeye kwa kutokwenda, wengine wanakulaumu wewe kwa kwenda. Nimegombana na wote hadi nimechoka. Yeye anawaacha waseme. Kila Jumanne anakaa ukingoni, miguu haigusi maji, anatazama kule mkondo unakopinda.

Mwezi huu mama akatuma salamu niende. Nilifika Mahajanga, nyumbani kwake mtaa wa Mangarivotra, nikakuta nguo zako zote zimefuliwa, zimeanikwa uani. Akaniambia kwa Kikomori, "Hizi tutawapa watu. Waite walimu waje kusoma hitima." Sikuthubutu kumuuliza kilichombadilisha. Baadaye, tukiwa jikoni, anakuna nazi, akasema bila kuniangalia, "Nimemsimamisha mwanangu mlangoni muda mrefu mno. Hayumo ndani, hayuko nje. Miguu imemuuma." Akaendelea kukuna.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Wanaume walikuwa ukumbini, sisi wanawake chumba cha ndani. Wakati wa dua ulipofika, mwalimu akauliza kutoka nyuma ya pazia, anayeombewa ni nani, na ni mtoto wa nani? Kujibu ilikuwa kazi yangu, tulikubaliana hivyo tangu asubuhi. Na kwa nini isiwe yangu? Si mimi niliyeidai hitima hii kwa kelele zote zile?

Nikafungua mdomo, jina halikutoka.

Akauliza tena. Wanawake wote wakanigeukia. Nilichokuwa nawaza ni kitu kimoja tu, kwamba nikilitamka, yule muuza ndizi hatakuona tena. Mama akaweka mkono wake gotini pangu, akainua sauti hadi ikafika ukumbini: "Marehemu Echata, mwanangu mimi Zaliha." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Dua ikaanza. Kisha akanipa leso yake nifute uso, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kunipa pole mimi.

Ndiyo hali, dada. Mama niliyemwita mkaidi amekuaga mbele ya watu, na mimi mjuzi wa kila kitu nimebaki nyuma. Barua yote hii nimekuita kama mtu aliyepo chumba cha pili. Siwezi kukufanyia hivyo siku zote, nawe una mahali pa kwenda. Nenda. Darasa nitalishika, na Jaotombo sitamwacha peke yake ukingoni. Mungu akulaze mahali pema, marehemu dada yangu.

Nimeliandika neno hilo. Kulisema, bado.

Ni mimi, mdogo wako