Sindano ya mwisho ya Mama

Shikamoo Dada Adela,

Hapa hospitalini Rulenge mvua haikatiki. Mama wamemtenga katika chumba cha peke yake. Ule unga wa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili tuliokuwa tunamwagia kidonda cha mguuni uliua vijidudu dhaifu, ukaacha vilivyo sugu, navyo vinapeana huo usugu. Imebaki sindano ya aina moja tu. Ikishindwa, atakatwa mguu.

Wengine wanaouguza wagonjwa hapa wamehamisha mafiga yao mbali nami. Leo Mama kaniuliza dirishani, "Mbona unapika peke yako?"

"Wenzangu wameshakula, Mama."

Akacheka. "Uvivu huo wa kuchelewa kupika umeurithi kwa baba yako!"

Vidonge vilivyobaki nyumbani usimpe mtu yeyote, hata akikuomba jirani. Nakukumbatia sana. Leo ni siku ya nne sijashikana mkono na mtu.

Mdogo wako,
Yustina