Milimita za Mbaruku

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimetoka Korogwe. Daktari Glory wa utafiti katueleza wazee: ubongo una gamba juu yake, unene wake milimita mbili na nusu hivi. Wanataka kulipima kwa picha za MRI, waone linavyopungua uzeeni. Nimejiandikisha. Sababu naijua mwenyewe. Kwenye posa ya binti yangu Ikram nilimwita mchumba kwa jina la yule tuliyemkataa. Sasa mke wangu Tatu anasema wakwe wakija azungumze mdogo wangu, Mbaruku. Nitamletea Tatu karatasi ya hospitali, aone ubongo wangu mzima.

Jumanne, 5 Agosti
Mbaruku naye kajiandikisha. Simu yake mbovu, kaandikisha namba yangu. Kaniuliza mbele ya Tatu kama nitafikisha hata milimita mbili.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumepigwa picha, Tanga. Mkanda unavuliwa — suruali nimeishikilia mpaka kitandani. Unaingizwa kichwa kwenye tundu, unaambiwa usitikisike. Halafu mashine inagonga kama fundi anaezeka bati. Nikakohoa. Nikajikuna. Nikageuka kuuliza kama wameniita. Mbaruku? Kalala, kakoroma, kichwa hakikusogea.
Wakati wa kurudi, tulipokuwa Segera tukinunua machungwa, Daktari Glory kaniambia kwa upole picha yangu ina ukungu. Mtu akitikisika, gamba huonekana jembamba kuliko lilivyo. Na karatasi hakuna — hawampi mtu milimita zake, wanatazama za watu wote kwa pamoja. Tena unene si akili. Nikamwomba hilo la mwisho amwambie Mbaruku, kwa sauti.

Jumamosi, 9 Agosti
Kijiji chetu kizima cha Sindeni kinajua Mbaruku ana ubongo mnene. Picha yake ilitoka safi tu, basi! Msikitini nimeeleza habari ya ukungu. Nimeeleza tena. Mzee Semboja kanipa pole.

Jumapili, 17 Agosti
Wakwe wamefika saa nne. Mbaruku kavaa koti langu, kakaa mbele. Mimi nyuma.
Simu ikaita. Daktari Glory. Shikamoo. Nikamwambia najua, picha yangu, niko tayari kurudia.
"Si wewe, mzee. Ni mdogo wako. Kuna kitu kwenye picha yake, nataka daktari bingwa akiangalie. Aje Jumatano. Asije peke yake."
Nikauliza kitu gani. Kasema bado hajui, na si maneno ya kwenye simu.
Nimeingia chumbani. Namsikia Mbaruku dirishani. Anazungumza vizuri — majina yote, koo zote, mpaka babu zao wa Mpale. Wageni wanacheka. Sijawahi kuzungumza hivyo mimi.
Tatu kaja mlangoni kuuliza mbona nimejifungia na kalamu. Wivu, anadhani.
Sasa Mbaruku ananiita nje, kwa jina langu la utotoni. Anataka wakwe wamwone kaka yake. Kaita mara ya pili. Naweka kalamu, natoka.