Kikasha cha Kadi cha Tsunehiko

Mwaka umetimia, Tsunehiko, tangu asubuhi ile ya mvua ulipovaa viatu mlangoni ukasema, "Mniwekee supu." Moyo wako ulisimama kwenye ngazi za stesheni ya Okaya. Supu iliwekwa.

Uliwauzia wazee vyuma vya kushikilia bafuni. Hukumfungia mtu chuma kabla hujaingia mwenyewe kwenye beseni lake la kuogea, likiwa kavu, tai shingoni, ukajaribu kuinuka. Bibi Sugawa wa ng'ambo ya mto anasema alicheka mpaka akasahau kuuliza bei. Hajaanguka tena.

Ulipopata kazi, mama yako alikufundisha jikoni namna ya kubadilishana kadi za biashara, kama alivyofundishwa yeye chuo cha ukatibu.

"Tena. Mikono miwili. Jina limwelekee mgeni."

"Mama, mgeni mwenyewe ni wewe."

"Mgeni ni mgeni. Na yake ukiipokea unaiweka wapi?"

"Juu ya kikasha changu, mezani, mpaka tuagane."

"Si mfukoni?"

"Si mfukoni. Ni kama kumtia mtu mwenyewe mfukoni."

"Na kikasha kikikaa mfuko wa nyuma?"

"Nitakuwa nimewakalia wote."

"Haya, kula."

Kikasha cha kwanza kilikuwa cha ngozi, kikaharibika kwa jasho lako. Cha pili ulikinunua mwenyewe, cha alumini. "Hiki kitaniona nikizeeka," ulisema. Mama yako akasema kinalia kama kopo la samaki. Ulicheka, ukakisugua kwa soksi.

Siku ya kuuchoma mwili wako, mama yako alitaka uende nacho. Kijana wa mahali pa kuchomea, mwenye glavu nyeupe, akainama.

"Samahani, mama. Vitu vya chuma haviingii kwenye jeneza."

"Ni kadogo. Hakazidi kiganja."

"Samahani sana, mama."

Kila alipoongezewa neno, kijana aliinama zaidi. Mama yako, ambaye aliwahi kuwafanya watu wa maji wafukue barabara upya, hakuwa na la kufanya. Alizitoa kadi zako zote, akazitia kwenye mfuko wa shati lako, kifuani. Kikasha alirudi nacho kitupu.

Tangu hapo jambo moja linamsumbua. Huko uliko utakutana na watu. Wakikupa kadi zao, utaziweka juu ya nini?

"Kaka ataazima kwa mtu," dada yako Mio alimwambia.

"Kaka yako hajawahi kuomba hata chumvi."

Akanunua kingine cha ngozi, kizuri kuliko kile cha mwanzo. Kimo kwenye droo. Hajui akufikishie vipi, na hakuna anayejua.

Jumapili, kwenye ibada ya mwaka, kikasha chako cha alumini kilikuwa mbele ya picha yako. Mteja wako mmoja, fundi seremala, aliweka kadi yake juu yake kwa mikono miwili, jina likikuelekea wewe. Wengine wakafuata. Bibi Sugawa hana kadi, kwa hiyo aliandika jina lake nyuma ya bahasha ya dawa. Mama yako aliketi kando. Kila kadi ilipowekwa, mikono yake ilinyooka yenyewe kumpa mgeni kadi yako, kama desturi inavyotaka. Hakuwa nayo hata moja. Zote ulikwenda nazo. Aliinama tu, akainama tena.

Wageni walipoondoka, baba yako alitaka kuzikusanya asije paka akaziangusha.

"Ziache," mama yako akasema.

Bado ziko juu ya kikasha chako, Tsunehiko. Hatujazitia ndani, kwa sababu hatujaagana.

Unakumbukwa na mama yako Fusae, baba yako Eikichi, dada yako Mio, na Bibi Sugawa, aliyeomba jina lake liwemo. Siku zote tutakukumbuka.