Jina Lililoamsha Mashine

Kisumu, 14 Oktoba 1997

Baba Akeyo,

Sisi tu wazima. Akeyo ameng'olewa jino, na magugumaji yamefunika ziwa mpaka samaki wa ngege amekuwa adimu sokoni. Mama yako bado anauliza ni gari gani liliharibika Agosti hata ukalala Kombewa siku mbili. Nimemwambia magari huharibika.

Jana nilibadilisha kerneli, ule moyo wa kompyuta ya Linux uliyotuachia zahanatini, kama ulivyonielekeza kwa simu. Nikaizima, nikaiwasha. Ikakwama! Rekodi za wagonjwa mia nne zimo humo, na daktari amesimama nyuma yangu: "Mama Akeyo, vipi sasa?"

Nikakumbuka ulisema kerneli ya zamani haifutwi. Nibonyeze kitufe cha Tab inapowaka, majina ya kerneli yatokee, niandike ninalolitaka. Hata nilitabasamu, maana kerneli zako zote huzipa jina unaloniitia nyumbani, Nyar Maseno, binti wa Maseno, kwa kuwa nilizaliwa huko.

Yakatokea majina mawili. "Mpya", ndiyo niliyoiharibu. Na ile uliyoiunda Agosti: "nyarkombewa".

Walter! Kwenu mke ndiye huitwa hivyo, kwa pale alipozaliwa. Nani tena ameolewa kutoka Kombewa? Nililisoma mara tatu. Daktari akasema, "Andika basi, watu wanangoja."

Sikuwa na njia nyingine. Nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kwa herufi, na mashine ikaamka papo hapo. Hakuna rekodi iliyopotea.

Daktari anakushukuru sana.

Ni mimi,
Nyar Maseno